Nyumba ya zamani, bomba la maji machafu linavuja chini kwa chini: pima kwanza, nyundo baadaye

MLETA UZI

Wakuu, habari za mchana. Nilijiahidi kwamba jambo hili likiisha nitaliandika, na sasa limeisha. Ni refu, nivumilieni. Mwenye nyumba ya zamani asome mpaka chini, hasa kama kuna fundi ameshamwambia "tuvunje hapa tuone".

Nyumba yetu ipo Rau, Moshi. Baba aliijenga mwaka 1974 na mama bado anaishi humo. Chumba chake kimepakana na bafu. Mwaka juzi ukuta wa upande wa kitanda ulianza kulowa, kwanza kiasi cha kiganja kutoka sakafuni, baadaye ukafika gotini. Rangi ikavimba na kupasuka, ukiibonyeza kwa kidole inamwaga unga mweupe kama magadi. Harufu haikuwa kali, ila asubuhi ukifungua mlango unaijua. Mama akaanza kukohoa, akavuta kitanda chake mpaka katikati ya chumba, akalala hivyo karibu mwaka mzima.

Fundi wa kwanza alisema ni paa. Akabadilisha bati mbili, tukalipa. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, ukuta umelowa vilevile. Hapo ndipo tulipotakiwa kujiuliza: mvua haijanyesha wiki sita, hayo maji ya paa yanatoka wapi? Hatukujiuliza.

Wa pili alisema ni unyevu wa ardhini unaopanda. Akabandua plasta, akapiga nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Miezi mitatu ukuta ulikuwa mkavu tukafurahi, kisha unyevu ukachomoza juu ya ile plasta mpya, safari hii kiunoni. Maji yalikuwa yapo palepale. Tuliyanyima pa kupumulia chini, yakapanda mpaka yalipopata.

Wa tatu akasema ni bafu. Akang'oa tailizi zote, akachimba zege kwa tindo siku mbili. Chini yake pakavu. Nilichota ule mchanga kwa mkono, ukapita katikati ya vidole kama wa ufukweni. Mama alisimama mlangoni, akaangalia bafu lililovunjwa, hakusema kitu.

Ndipo jirani akatuletea mzee mmoja, fundi bomba wa siku nyingi, amestaafu. Alikuja hana nyundo. Kwenye mfuko alikuwa na tochi, kioo kidogo, chaki, pima maji, chupa ya rangi nyekundu ya chakula, na mpira wa ndani wa mpira wa miguu uliounganishwa na mpira mrefu mwembamba wa kupulizia. Nikamuuliza, "Mzee, hutavunja?" Akasema, "Binti yangu, nitavunja siku nikijua ninavunja nini."

Hakugusa ukuta. Alikaa na mama kwenye kochi akamuuliza maswali kama daktari. Unalowa zaidi saa ngapi? Siku gani? Ulianza lini? Mama akasema, "Jumapili nikitoka kanisani ndio naukuta umeiva kabisa. Katikati ya wiki unapungua." Mzee akauliza, "Na Jumamosi hapa mnafanya nini?" Jumamosi ni siku ya kufua. Mimi nimeishi kwenye nyumba ile miaka yote na sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Jioni ile alipima kitu cha kwanza: ni maji safi au machafu? Tulifunga koki zote pamoja na valvu ya tangi la choo, tukaandika namba za mita, pamoja na zile ndogo nyekundu za mwisho. Alfajiri, kabla mtu hajagusa maji, tukasoma tena. Haikusogea hata tarakimu moja. Bomba la maji safi lina presha saa zote, likivuja linavuja usiku na mchana na mita lazima itembee. Bomba la maji machafu linavuja pale tu mtu anapomwaga maji. Kipimo hicho hakina gharama, unakifanya mwenyewe, na mafundi watatu hawakukifanya.

Baada ya hapo rangi. Kila siku tulipima sehemu moja tu: siku ya kwanza choo, ya pili bafu, ya tatu karo la kufulia lililo uani. Unachanganya rangi ya chakula kwenye ndoo ya lita 20, unamwaga yote kwa mkupuo, unasubiri saa nzima, na nyumba nzima haitumii maji mengine. Chini kabisa ya ukuta wa mama Mzee alitoboa tundu jembamba kama penseli, akasokota karatasi ya chooni nyeupe akaichomeka humo. (Mimi nilipendekeza tutumie rosela kwa kuwa ipo nyumbani. Akakataa: rosela ikikutana na sabuni inageuka rangi, utababaika.) Siku ya choo karatasi ilitoka imelowa kidogo, nyeupe. Siku ya bafu, nyeupe. Siku ya karo la kufulia, dakika 50 hivi, akaivuta taratibu na ncha yake ilikuwa ya waridi.

Alinionya jambo ambalo nalipitisha kwenu: rangi ikionekana, una uhakika. Isipoonekana, usiseme bomba ni zima. Udongo hunyonya rangi njiani, na mfinyanzi hunyonya zaidi.

Sasa swali likawa: maji ya karo la uani yanafikaje chumbani kwa mama? Mama ndiye alijibu. Chumba kile hakikuwepo 1974. Kiliongezwa mwaka 1988, na msingi wake ulijengwa juu ya bomba lililokuwepo tayari. Baba alijua, mafundi wa wakati ule walijua, na sisi watoto hatukuambiwa.

Naendelea na ukarabati kwenye posti inayofuata, maana hii imekuwa ndefu.

MDAU, KIJENGE ARUSHA

Dada endelea, mimi nimeshavunja jiko zima kwa staili hiyohiyo ya "tuone". Leo ndio najua kwamba mita ingeniambia.

MLETA UZI

Tunaendelea.

Bomba linatoka karo la uani, linapita chini ya kona ya chumba cha mama, linaingia chemba iliyo nje upande wa barabara, kisha linakwenda septiki. Kutoka kwenye karo hadi chemba ni mita 9. Kuchimba mita 9, nusu yake chini ya sakafu ya mama, ni balaa. Mzee akasema bomba lote haliwezi kuwa limekufa, tutafute mahali.

Akafungua mfuniko wa chemba. Akaingiza ule mpira wa ndani ukiwa hauna upepo kwenye mdomo wa bomba, akaupuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka ukaziba kabisa. Kwenye karo tukajaza maji taratibu hadi yakasimama, akapiga mstari wa chaki usawa wa maji. Tukakaa nusu saa tukinywa chai. Maji yalishuka kiganja kizima. Sawa, bomba linavuja, hilo tunalijua. Halafu akatoa upepo, akausukuma mpira ndani zaidi kwa fimbo ya mianzi. Ule mpira wa kupulizia alikuwa ameufunga uzi kila mita moja, kwa hiyo ukihesabu nyuzi zilizoingia unajua umefika wapi. Akauweka mita 4 kutoka kwenye chemba, akapuliza, tukajaza tena. Nusu saa, maji hayakushuka. Kwa hiyo mita zote 5 za juu ni nzima. Akaurudisha mita 3: maji yamesimama. Mita 2: yakashuka.

Ubovu ulikuwa kati ya mita ya pili na ya tatu. Tukapima kwa tepu juu ya ardhi kuanzia kwenye chemba, na tepu ikaishia penye msingi wa ukuta wa mama. Siku ile nilielewa kwa nini watu wanamlipa mtu kwa kufikiri.

Tulichimba kwa nje tu, shimo la mita moja kwa mita moja, kina chini kidogo ya kiuno. Udongo wa juu ulikuwa mkavu wa vumbi, tukikaribia bomba ukawa mweusi, unanata kwenye chepe, na una harufu ya sabuni iliyooza. Bomba lilikuwa la udongo wa kuchoma, lile jekundu lenye kung'aa kama chungu kilichopakwa vanishi. Lilikuwa limekatika wima palepale linapoingia kwenye msingi, na kipande cha ndani kimeshuka chini ya kile cha nje kwa unene wa kidole gumba. Kila maji yalipopita, mengine yalijikwaa kwenye ule mdomo na kurudi chini ya msingi.

Sababu yake nataka kila anayejenga aisikie. Msingi ulimwagwa ukalikumbatia bomba, hakuna nafasi hata ya karatasi. Jengo jipya lolote hushuka kidogo, hata milimita chache. Msingi ukishuka unalikandamiza bomba lililolala kwenye udongo usioshuka, nalo bomba la udongo halipindi, linakatika. Inatakiwa bomba likipita kwenye msingi liachiwe nafasi ya kama sentimita 5 pande zote, juu yake kuwekwe kizingiti cha kubeba ukuta, na ile nafasi ijazwe kitu laini, kisha izibwe juujuu panya wasipite. Tena kila upande wa ukuta kuwekwe kipande kifupi cha bomba, kama sentimita 60, ili jengo likicheza jointi zicheze na bomba lisivunjike.

Ukarabati wenyewe. Tulitoboa msingi kuzunguka bomba taratibu kwa tindo ndogo. Kipande kibovu tukakikata pande zote mbili mpaka kwenye udongo wa kuchoma ulio mzima. Mzee alikuwa anaugonga kwa kifundo cha kidole, mzima unalia ting, wenye ufa unalia kama debe lililotoboka. Tukaweka PVC ya inchi 4.

Tatizo la PVC na bomba la udongo ni kwamba saruji haishiki plastiki. Mnaona mafundi wanazungushia saruji jointi, mwezi wa kwanza safi, mwezi wa sita unaichomoa nzima kama bangili. Alichofanya Mzee sijawahi kukiona: alikwaruza mwisho wa PVC kwa msasa, akapaka gundi ya PVC nje yake, na kabla haijakauka akalizungusha kwenye mchanga mkali uliooshwa. Gundi ilipokauka, mwisho wa bomba ulikuwa kama msasa wenyewe. Ndipo akauingiza kwenye mdomo mpana wa bomba la udongo, akashindilia katani iliyochovywa kwenye uji wa saruji ili bomba likae katikati na saruji isidondoke ndani, halafu akamalizia na saruji nzito, akaichonga kwa mshazari. Akaifunika kwa gunia lililoloweshwa, tukawa tunalimwagia maji siku tatu ili saruji isikauke haraka ikapasuka.

Mdomo wa kila jointi utazame maji yanakotoka. Ukigeuza, karatasi na nywele zinanasa kwenye ukingo.

Chini ya bomba alitandika mchanga laini, akatoa kila kokoto kwa mkono. Mteremko aliupima kwa kamba na pima maji: sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja. Kwa bomba la inchi 4 unaweza kwenda chini ya hapo kama kazi ni safi, ila kwa mikono yetu na ardhi yetu hapo ni salama.

Kabla ya kufukia, tulirudia kipimo cha chaki. Nusu saa, maji yako kwenye mstari. Hapo ndipo akaruhusu tufukie.

MDAU, NJORO MOSHI

Asante sana dada kwa uzi huu. Swali: mimi nimepanga ghorofa ya kwanza kwenye jengo la zamani mjini, bomba la choo linaloshuka ukutani ni la chuma kizito cheusi. Wa chini analalamika maji yanamtonea darini. Mwenye nyumba anasema tubandike saruji. Nifanyeje?

MLETA UZI

Mkuu, nilimuuliza Mzee swali lako jana, nakuletea alivyosema.

Kwanza jua ni jointi au ni mwili wa bomba. Kausha bomba lote kwa kitambaa, zungushia karatasi ya chooni kila jointi na uifunge kwa uzi, kisha mtu avute maji juu mara tatu. Karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo chanzo. Za chini yake zinalowa kwa kutiririkiwa, zisikudanganye. Nyuma ya bomba, upande wa ukuta, pitisha kioo na tochi. Nyufa nyingi zipo huko kwa sababu mtu hapaki rangi asipoona, na pasipo rangi ndipo kutu inapoanzia.

Mabomba yale yaliungwa kwa katani na risasi iliyoyeyushwa. Ikiwa ni jointi, fundi anayejua anaweza kuishindilia ile risasi upya kwa tindo butu, kidogo kidogo kuzunguka. Asipige kwa nguvu, chuma kile ni kigumu lakini kinapasuka kama sahani. Na avae glavu, anawe mikono kabla ya kula, risasi ni sumu.

Ikiwa ni mwili wa bomba, chukua msumari wa inchi 3 na usukume kwa mkono kwenye madoa ya kutu. Ukigota, una nafasi ya kutengeneza. Ukizama kama kwenye biskuti, usibandike chochote, kile kipande kimekwisha. Chuma cha maji machafu huliwa kutokea ndani: gesi inayonuka kama yai viza hupanda, inakutana na unyevu kwenye kuta za juu za bomba, inageuka asidi. Kwa hiyo nje unaweza kuona rangi nzuri na ndani limebaki ganda.

Na mwambie mwenye nyumba kwamba bomba la kushuka likikatwa katikati, kipande cha juu lazima kifungwe ukutani kwa vyuma kabla ya msumeno kugusa. Lile bomba ni zito, limeshikiliwa na la chini yake. Watu wameumizwa.

FUNDI BOMBA, SAKINA ARUSHA

Mimi ni fundi, nina miaka kumi na kitu kazini. Naunga mkono karibu yote. Naomba niongeze kuhusu kuchoma bomba, maana ndiyo kazi nyingi za marekebisho ninazoitwa.

Fundi akikosa soketi, yaani kile kiungio cha kuunganishia bomba mbili, au akitaka kubana hela yake, anawasha moto wa makaratasi, anachoma mwisho wa PVC mpaka ulainike, anauvimbisha kwa kuuingiza kwenye bomba jingine. Inaonekana imeingia vizuri. Lakini pale ulipovimba plastiki imekonda, na mara nyingi upande mmoja umeungua zaidi. Haukai duara, kwa hiyo gundi inajaza pengo badala ya kushika plastiki kwa plastiki. Baada ya miaka miwili mitatu ya maji ya moto ya jikoni, inaachia. Na ule moshi wake mweusi usiuvute, una tindikali inayochoma mapafu. Nunua soketi. Kata bomba kwa mkato ulionyooka, usio wa mshazari, toa vinyweleo vya ndani kwa kisu, msasa, kitambaa kikavu, gundi pande zote mbili, ingiza huku unazungusha robo, shika nusu dakika. Usipitishe maji mpaka kesho yake.

Jambo la pili, PVC inarefuka jua likiipiga. Bomba la mita 3 lililo nje ukutani, likitoka baridi ya asubuhi ya Juni hadi jua la mchana la Februari, tofauti ya nyuzi 30 inalirefusha kama milimita 6. Ukilifunga ncha zote kwa saruji litapinda au litavunja jointi. Ndiyo maana kuna soketi zenye mpira wa ndani, ule mpira unaruhusu bomba kutembea.

MLETA UZI

Fundi, asante sana. Hilo la kuchoma nilitamani mtu wa kazi aliseme. Nimekagua bomba la jikoni kwetu leo asubuhi na jointi mbili ni za moto.

MDAU, SHANTY TOWN MOSHI

Kwetu kuna mparachichi mkubwa, na chemba inajaa kila mwaka. Tunazibua, baada ya miezi inarudi. Kuna jirani ananiambia nimwage maji ya betri.

MLETA UZI

Usimwage, nakuomba. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Tone likikurukia usoni, unaweza kupoteza macho. Kama bomba lako ni la chuma au chemba ni ya saruji, unaila mwenyewe. Na hata kaustiki ya dukani, ikishindwa kuzibua, fundi atakayekuja na waya atarushiwa usoni maji yenye kaustiki. Angalau mwambie umeshaimwaga.

Mizizi haitoboi bomba zima. Inafuata unyevu unaotoka kwenye jointi inayovuja, inaingia nyembamba kama uzi wa cherehani, ikishafika ndani inanenepa na kuchanua kama ufagio. Kwa hiyo kuziba kwako ni taarifa kwamba kuna jointi inavuja. Waya utakata ufagio, mlango utabaki wazi. Fanya kile kipimo cha mpira na nyuzi, ujue jointi ni ipi. Kama bomba liko karibu na shina na jointi mbovu ni nyingi, bora ulaze PVC mpya kwa njia nyingine mbali na mti. Mparachichi wa miaka mingi siwezi kukushauri uukate.

Ishara nyingine kwa wengine wenye bustani: kiangazi, nyasi zote zimekauka na kuna mstari mmoja wa kijani kuelekea kwenye chemba. Huo mstari ndio ramani yako.

MDAU, PASUA MOSHI

Mimi sioni maji popote ila chumba cha wageni kinanuka choo, na mende wanatoka kwenye tundu la sakafu. Hakuna anayekitumia hicho choo. Ni bomba limepasuka?

MLETA UZI

Pengine hapana, mama. Chini ya kila tundu kuna kona inayobaki na maji, na yale maji ndiyo mlango unaozuia harufu na wadudu. Kisipotumika wiki kadhaa maji yanakauka na mlango unakuwa wazi. Mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu la chumba hicho, subiri siku moja. Harufu ikiisha umepona bila fundi, na uwe unamwaga kila wiki mbili. Ikirudi baada ya siku mbili tatu ndipo ushuku ufa kwenye hiyo kona, au bomba la kupumulia juu ya paa limeziba na maji yananyonywa kila mtu akivuta choo kingine.

MDAU, KALOLENI ARUSHA

Mabomba ya kwetu ni ya kijivu, yanafanana na zile bati nzito za zamani. Fundi anakuja Jumamosi na grinda.

MLETA UZI

Mpigie leo, mzuie. Hiyo inaelekea ni saruji ya asbesto. Ikiwa imelala ardhini na haijaguswa haina neno kubwa, ila grinda itatoa vumbi lenye nyuzi zisizoonekana, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, mara nyingine miongo, na saratani mojawapo inayosababishwa nazo haina tiba ya kuaminika. Njia nzuri ni kuliacha bomba la zamani palepale, limezibwa ncha, na kulaza PVC mpya pembeni. Kama ni lazima kipande kitoke, kisikatwe kikiwa kikavu, kisivunjwe kwa nyundo, watoto wawe mbali, na halmashauri ndiyo iulizwe kipelekwe wapi. Usikitupe mtaroni.

MDAU, KIJENGE ARUSHA

Dada, gharama? Na ukuta umekauka?

MLETA UZI

Bei zinatofautiana kila duka, nisikudanganye. Nitakwambia mgawanyo: bomba, soketi, gundi na saruji vilikuwa sehemu ndogo sana. Mzee na kijana wake siku tano zikawa kubwa kidogo. Kilichotumaliza ni kurudishia bafu ambalo halikuwa na kosa, tailizi, plasta, na bati ambazo hazikuwa zimetoboka.

Kuhusu ukuta, Mzee alitukataza kupaka rangi. Tulibandua ile plasta ya dawa hadi kwenye tofali, tukawa tunapiga brashi kavu unga mweupe unapotokea. Tusiuoshe kwa maji, ukiuosha unairudisha chumvi ndani. Makadirio yake ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukuta wetu ni wa inchi 6. Madirisha wazi mchana. Yeye alikuwa anapima kwa kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, akikuta asubuhi kuna ukungu upande wa ukuta anasema bado.

Kwa wale mnaotaka haraka: kuna sababu nyingine ya kutokawia kutengeneza. Bomba letu la maji safi linapita kwenye mtaro uleule. Maji yakikatika presha inaisha, na bomba safi lenye kitobo kidogo linaweza kuvuta maji machafu yaliyolizunguka. Homa ya matumbo na kuhara hupita njia hiyo. Tuliposhuka shimoni tulilisogeza lile bomba safi likapita juu, mbali na la machafu.

MDAU, NJORO MOSHI

Mrejesho: nimefanya ya karatasi na uzi. Ni jointi ya pili kutoka juu. Msumari umegota kila mahali. Mwenye nyumba ameona mwenyewe, amekubali kumwita fundi wa risasi.

MLETA UZI

Safi sana mkuu. Asisahau glavu.

MLETA UZI

Wadau, narudi na mrejesho wa mwisho, masika yamepita.

Mwezi uliopita nailoni ilikaa usiku mbili bila ukungu. Tukapiga plasta ya kawaida ya saruji na mchanga, tukaacha wiki nne, tukapaka rangi ya maji, ile inayoruhusu ukuta kupumua. Mvua kubwa za Aprili zilinyesha siku nyingi mfululizo, nikawa naingia chumbani kila asubuhi kupapasa ukuta kwa kiganja. Mkavu.

Jumamosi iliyopita tulifua mashuka yote ya nyumba, makusudi. Kisha mdogo wangu akaingiza mpira kwenye chemba, sasa anajua kuupuliza mwenyewe, tukajaza karo hadi kwenye mstari. Chaki ya Mzee ilikuwa imefutika, tukachora nyingine. Tulikaa nusu saa, tukaongeza nusu saa nyingine. Maji hayakushuka.

Jumapili mama alipotoka kanisani aliniita nimsaidie kusukuma kitanda kirudi ukutani.